Watatu Waliolivisha Tanuri Majani

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, maana hii si habari ya kusikia. Haya niliyaona mimi, kwa macho haya haya, nimekaa na nyundo yangu ya viatu kwenye baraza inayotazamana na nyumba yenyewe. Wako watakaowaambia kwamba siku fulani sikuwapo. Hao waulizeni wao walikuwa wapi. Shule sikuimaliza, hilo Tanga nzima inalijua, lakini kuangalia hakutaki cheti, na katika kuangalia sijamwona aliyenipita.

Basi palikuwa na watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Kibibi, mama wa Kidigo muuza kamba, alipewa mikono. Chochote chenye nyuzi akikishika kinakuwa kamba, kinakuwa jamvi, kinakuwa kikapu, hujamaliza kumuuliza hali. Siku moja harusini alikaa karibu na mzee mwenye ndevu ndefu, wakawa wanazungumza mambo yao. Mzee alipoinuka kwenda kunawa, ndevu zilikuwa zimesukwa.

Shekivuli, kijana wa Kisambaa aliyekuwa akiwafungia mafundi rangi majukwaa ya kusimamia, alipewa bega. Mpe gunia la mkaa aliweke begani, atakwambia humu mna jiwe, na jiwe lenyewe liko upande gani.

Hizza, Mbondei wa makamo, mtunza bustani za watu, alipewa ulimi. Akilamba udongo anajua palipandwa nini mwaka juzi. Akitafuna jani anajua kama lina kiu, au lina maji mengi, au limekasirishwa tu.

Mikono, bega, ulimi. Viwekeni hivyo vichwani, vitahitajika mwishoni.

Sasa nyumba. Ilikuwa ghorofa moja ya Bi Mwanakombo, iliyojengwa na marehemu mumewe, Mzee Mbarouk. Mzee alikuwa mtu mwema, ila saruji aliitumia kama chumvi kwenye uji wa mgonjwa. Ukuta wa magharibi ulikuwa mwembamba, na ukigonga msumari ulitoka mchanga kama pua inayotoka makamasi. Nyuma ya ukuta huo, juu, palikuwa na chumba kizuri chenye madirisha mawili. Mzee alikijenga ili yeye na mkewe wazeekee humo wakitazama jua likizama. Hawakulala humo hata mara moja. Jua lilianza kuupiga ukuta ule adhuhuri na halikuuacha mpaka lilipokwenda zake, na ndani palikuwa hapakaliki. Mtaa ukakiita chumba kile Tanuri. Ukiacha mshumaa dirishani baada ya swala ya adhuhuri, ikifika alasiri umeinama kama mtu anayetafuta sarafu chini.

Mpwa wa Bi Mwanakombo aliwahi kujaribu. Alitundika makopo ya udongo na maua kwenye misumari, ukuta mzima, ukapendeza kweli. Mvua ya kwanza udongo ukalewa maji, makopo yakashuka yote kwa pamoja, yakashuka na kipande cha ukuta. Mbuzi wa jirani aliyekuwa chini hakudhurika, ila toka siku hiyo hatembei karibu na nyumba yoyote.

Siku ya arobaini ya Mzee Mbarouk, watu wakiwa bado na pilau mkononi, Bi Mwanakombo alisimama ukumbini akiwa na ufunguo wa Tanuri.

"Naapa mbele yenu," akasema. "Atakayekipoza chumba cha mume wangu bila kuniangushia ukuta, ufunguo huu ni wake. Akae bure umri wake wote. Mtu mmoja na watu wake. Sitaki ushirika, ushirika nimeuona kwa kaka zangu, hadi leo wanagombea mnazi uliokwisha kuanguka. Ikifika Ramadhani hajapatikana, mlango nauziba kwa matofali, nipumzike."

Kibibi alikuwa jikoni anakosha sahani. Alisikia kila neno, na sahani aliyoishika aliikosha mara ya pili.

Hapo lazima niwaambie Kibibi alikuwa akiishi vipi. Alikuwa akikaa kwa binti yake, Mwanasiti, nyumba ya vyumba viwili na choo kimoja uani. Binti hakuwa na neno. Mkwe, Sufiani, hakuwa na neno vilevile, na hilo ndilo lililomuumiza. Mtu na mama mkwe wake hawapishani mlangoni hivi hivi, heshima haikubali. Basi Sufiani akitaka kwenda uani alikohoa kwanza, Kibibi akajitupa chumbani. Kibibi akitaka kutoka aligonga ndoo, Sufiani akageukia ukutani. Nyumba nzima ilikuwa kukohoa na kugonga ndoo. Kijana wa watu alikuwa akila kwa haraka, akioga kwa haraka, akicheka kwa kificho ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na hakulalamika hata siku moja. Kibibi aliomba usiku na mchana apate pembe yake kabla adabu ya yule kijana haijachoka. Lakini kodi ya chumba mjini haitoki kwenye kamba.

Kesho yake asubuhi akaja kuutazama ukuta, akawakuta wawili wamemtangulia.

"Shikamoo shangazi," akasema Shekivuli. "Na wewe umekuja kuota jua?"

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuangalia watu wa milimani wanavyoungua."

Hizza alikuwa amechuchumaa, anakung'uta mchanga wa ukuta kiganjani. Akauonja, akatema. "Huu hauna saruji," akasema. "Una nia njema tu."

Wakacheka. Na katika kucheka ikajulikana kwamba kila mmoja amekuja peke yake na kila mmoja ana jambo lake. Shekivuli alikuwa na mke mpya Lushoto, bado yuko kwa wazazi wake, na baba mkwe alikwisha sema binti yake hatakaa kwenye jukwaa kama kunguru. Hizza aliishi bondeni na mama yake asiyeona, na kila masika maji yakiingia ndani humpandisha bibi kizee juu ya meza, akae hapo na rozari yake mpaka yapungue. Wakajuana shida, kisha wakajuana upungufu. Mwenye majani hana pa kuyaweka, mwenye kusuka vifuko hana pa kuvitundika, mwenye jukwaa hana cha kutundika. Wakaanza kazi pamoja. Ufunguo hakuutaja mtu.

Kibibi alileta vifuko. Alifanya kama alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake: makumbi ya nazi aliyafukia kwenye matope ya pwani yalainike, akayafukua, akayaponda kwa gongo, akapata usumba, nyuzi safi za rangi ya asali. Akausuka vifuko, mdomo wazi, tumbo pana, na ndani badala ya udongo akatia vumbi la usumba lililobaki kwenye kuponda. Kifuko kimoja ungeweza kukipuliza kikahama mkekani. Kile cha chini kilishikwa na cha juu yake kwa kamba, mpaka vikawa pazia.

Shekivuli alileta miti. Mnajua mkonge ukizeeka hutoa mti mmoja mrefu katikati, kisha unakufa. Mti ule ukikauka ni mwepesi kuliko mwanzi, na ni mgumu. Akaifunga kwa kamba kama ngazi pana. Wala hakuigusisha ukutani. Aliisimamisha chini kwenye mawe, juu akaifunga kwenye boriti za paa zilizotokeza nje, katikati akaacha nafasi ya kupita mkono mzima, upepo uwe unapanda humo kama moshi kwenye bomba. Kibibi alipompa kifuko akipime, alikikataa.

"Kiloweshe kwanza, shangazi. Kikavu kinanidanganya. Makopo ya yule mpwa yalipimwa makavu."

"Na hivyo vijiti vyako, ng'ombe wa kwenu wamevikataa?"

"Kula wamekataa. Kupanda wamependa."

Hizza alileta majani. Alijua kila kinachotambaa, kinachoning'inia na kinachopenda jua la magharibi. Alichomeka miche kwenye vifuko kwa vidole viwili, kila mmoja akiusemesha. Akatandika mpira wa maji wenye matundu juu kabisa, maji yadondoke kutoka kifuko hadi kifuko, na ya mwisho yapokewe na karai chini yarudishwe juu. Kwa muda mfupi ukuta ukawa kijani. Bi Mwanakombo akawa anapita hapo chini mara kwa mara kwa shughuli zisizokuwapo.

Kisha majani yakaanza kuungua pembeni. Yakajikunja. Hizza akaongeza maji, yakazidi. Wiki ile ile pazia zima likawa limenyauka kama kachumbari ya juzi, na watu wa mtaani wakawa wanakuja kutoa pole kama msibani.

Hizza alikwea ngazi ya Shekivuli, akang'oa mche, akaulamba mzizi. Akalamba kifuko.

"Dada Kibibi," akasema kutoka juu, "makumbi yako ulifukia wapi?"

"Pwani. Yafukiwe wapi, msikitini?"

"Maji yakijaa yanafika?"

"Yasipofika makumbi yatalainika na nini?"

Akateremka polepole. "Umewatandikia watoto wangu kitanda cha chumvi," akasema.

Mtu aliyesuka kamba maisha yake yote hajawahi kuuliza kamba ina ladha gani. Kamba hailiwi. Kibibi aliona uso unamwaka, pamoja na kwamba jua lilikuwa bado upande wa pili wa nyumba. Akasema ataviosha vifuko vyote kwa maji ya bomba. Akakitia kimoja kwenye maji, akakikamua, Hizza akalamba: chumvi. Akarudia, akalamba: chumvi bado. Usumba ukikaa pwani miezi unaishika pwani isitoke. Kusuka vipya vya maji matamu kungepita Ramadhani, na mwezi wa Shaabani ulikuwa umekwisha andama.

Jioni ile Kibibi aligonga ndoo kutoka uani, akamsikia Sufiani anageuka ukutani akiwa na tonge mdomoni. Usiku ule Kibibi hakula.

Kesho yake alikwenda kwenye ukuta kufungua vifuko vyake. Hizza alikuwapo, anakusanya miche iliyokufa. Shekivuli alikuwapo, anatafuna kijiti. Kibibi akavuta kamba ya kwanza huku akinung'unika, si kwa mtu, kwa vile vifuko vyenyewe.

"Na kule shimoni nako sipumziki. Kila nikienda kufukua nang'oa magugu. Yametambaa juu ya makumbi yangu kama ya kwao, vijani vinene vinene, maji ya bahari yanapanda yanashuka, yenyewe yananawiri tu."

Hizza akainua kichwa. "Vijani vinene vipi?"

"Kama vidole vya mtoto mchanga. Vina vijiua vya rangi ya waridi. Mboga pwani, kaka Hizza. Mbona huko kwenu Muheza hamna?"

"Umewahi kuila?"

"Nina njaa kiasi gani?"

Hizza hakungoja. Alirudi saa ya adhuhuri na kapu zima, mashavu yamevimba kwa kutafuna, macho yanang'aa. Kumbe jani lile ulimi wake ulikwisha lisoma lote: chumvi ndiyo chakula chake, jua ndilo blanketi lake, na shina likigusa usumba linatoa mizizi hapo hapo. Akaenda uani kwa Bi Mwanakombo kwenye kisima chake cha maji ya chumvi, ambacho toka kichimbwe hakijawahi kutoa hata chai. Akayaonja. Akacheka peke yake.

"Haya ndiyo maji yake," akasema. "Kwa maji ya bomba tungemuua."

Ila mboga pwani ni jani linalokunywa. Limejaa maji, zito. Shekivuli aliweka kifuko kilichopandwa begani, akafumba macho, akakiondoa. Akaenda kukata miti mingine, akaongeza miguu ya ngazi chini, uzito wote ukashukia ardhini, boriti za paa zikabaki na kazi ya kuzuia ngazi isilale. Ukuta wa Mzee Mbarouk haukubeba hata kifuko kimoja. Ulisimama nyuma ya majani kama bwana harusi, kazi zote zinafanywa na wengine.

Na mboga pwani ikaota. Wallahi iliota. Ilitambaa kutoka kifuko hadi kifuko, ikafunika kamba, ikafunika miti, ikachanua. Mchwa walikuja, wakaonja usumba, wakarudi walikotoka, chumvi imewashinda.

Siku ya mwisho ya Shaabani Bi Mwanakombo alipanda Tanuri na mshumaa mpya. Akausimamisha dirishani baada ya swala ya adhuhuri, akatandika mkeka wake, akajifungia humo. Mtaa mzima tukakaa chini tukingoja. Jua lilikuja kama kawaida yake, likaupiga ukuta, likakuta majani. Alasiri ikapita. Upepo ukawa unasikika ukipanda kwenye ile nafasi nyuma ya pazia, na mapazia ya dirishani yakawa yanapumua. Karibu na magharibi Bi Mwanakombo akatoa mkono dirishani, ukapenya kwenye majani, na mkononi ameshika mshumaa. Umesimama wima kama askari.

Vigelegele vikapigwa. Kisha vikanyamaza, maana kila mtu alikumbuka kiapo.

Bi Mwanakombo aliteremka na ufunguo. "Haya," akasema. "Nani?"

Shekivuli akaanza, kwa adabu, macho chini. "Bi Mkubwa, watu walipanda maua hapa kabla yetu, na maua yalikuwa mazuri. Kilichokosekana ni cha kuyashika. Mimi ndiye niliyeutua mzigo ardhini. Bila ngazi yangu shangazi na mzee Hizza wangekuwa na bustani nzuri sana, chini, juu ya mbuzi."

"Ngazi haipozi chumba," akasema Hizza. "Ingekuwa hivyo kila jukwaa la fundi rangi lingekuwa na kivuli cha kulala. Kinachopoza ni jani. Na jani la kwanza lilikufa, nani alijua kwa nini? Nani alionja? Mboga pwani imekaa pale toka enzi, kila mtu anaikanyaga, mpaka ulimi wangu ulipoigusa."

Watu wakamgeukia Kibibi. Alikuwa ameishika ncha ya mtandio, anaisokota bila kujua, tayari imekuwa kamba.

"Mimi nimewaharibia mara moja, sikatai," akasema. "Lakini kaka Hizza, jani lako linaishi kwa chumvi. Chumvi hiyo aliileta nani? Mchwa waliikimbia chumvi ya nani? Na hiyo mboga pwani ulielekezwa na nani? Na wewe mwanangu, ngazi yako ni nyepesi kwa sababu mzigo wangu ni mwepesi. Mngepata udongo mngetafuta chuma, na chuma mngekitoa wapi?"

Katika hayo hapakuwa na uongo.

"Mama yangu amekaa juu ya meza masika mbili," akasema Hizza, taratibu.

"Mke wangu anaulizwa na wadogo zake kama kweli ameolewa," akasema Shekivuli.

Kibibi alitaka kusema lake. Wakati ule ule, kati ya watu, mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, cha mara moja. Alikuwa Sufiani, amekuja kutazama kama wengine na vumbi limemwingia kooni. Kibibi, mbele ya mtaa mzima, akajitupa nyuma ya pazia la majani kabla hajajua anafanya nini. Watu waliangua kicheko. Sufiani hakucheka. Aliona miguu ya mama mkwe wake chini ya majani, akageuka, akautazama ukuta wa nyumba ya jirani.

"Umesema, Bi Kibibi," akasema Bi Mwanakombo. "Tumesikia."

Akawatazama watatu, mmoja mmoja. Nilidhani atamwita mtu. Badala yake aliufunga ufunguo kwenye uzi, akaenda kwenye ukuta wenye majani, akautundika. Ulining'inia kwenye kamba ya Kibibi, kamba imefungwa kwenye mti wa Shekivuli, na majani ya Hizza yakaufunika nusu.

"Niliapa mmoja, na kiapo sirudi nyuma," akasema. "Lakini kuchagua sikuapa. Wachague watu. Siku watakaponitajia jina moja, mwenye jina anyooshe mkono auchukue. Mpaka hapo Tanuri litakaa tupu na poa."

Basi limekaa tupu na poa. Mimi nimekwisha waambia niliyoyaona, na nimeyapima bila kuegemea. Alikuwapo mwenye mikono, alikuwapo mwenye bega, alikuwapo mwenye ulimi. Ondoa mmoja, chumba kinarudi kuwa tanuri. Mmoja ana mama juu ya meza, mmoja ana mke ugenini, mmoja hana pa kusimama akisikia kikohozi. Wewe uliyekaa hapo unatikisa kichwa kama hakimu, ufunguo ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewatazama vipi usoni?

Kabla hujajibu, usije ukanishika kwa jambo moja nililolitia mwenyewe. Ule mshumaa wa siku ya mwisho haukuwapo. Bi Mwanakombo aliingia mle na mkeka peke yake, akajinyoosha kidogo, usingizi ukamchukua, na sisi tuliokaa chini tulisikia akikoroma mpaka adhana ya magharibi. Hivyo ndivyo tulivyojua chumba kimepoa. Sasa mjane wa watu, mtu mzima, mwenye nyumba, nimtangaze kwamba anakoroma? Nikampa mshumaa.

Yaliyobaki yote ni kweli. Majani yameuficha ufunguo kidogo, ila ukiyafunua utauona. Haya, taja jina.